Kibali cha Mdomo

Jioni ile nilipitia zahanati anayoiendesha kaka yangu, kuchukua chaja niliyoisahau. Nikamkuta kwenye chumba cha kompyuta, ananisubiri.

"Mdogo wangu, faili za wagonjwa wangu zinauzwa kwenye duka moja la siri, kwenye mtandao wa giza. Ingia umjue muuzaji."

Kupima usalama wa mitandao ndiyo kazi yangu, na mipaka yake naijua. Kupita nje ya duka la mtu ukatazama, sawa. Kumvunjia kufuli bila kibali, jela.

"Niandikie kibali kwanza."

"Tumenyonya ziwa moja, leo unanidai karatasi?" Akacheka. Nami nikacheka. Akatoka, akarudishia mlango.

Duka lenyewe lilikuwa ukurasa mweusi tii. Nikavunja kufuli lake, nikaingia.

Kwanza ikaja harufu. Udongo mbichi... kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Kisha spika, ambazo sikuziwasha, zikaninong'onezea jina langu. Langu na la baba.

"Naam?" Niliitika kwa mazoea tu.

Kitu kikacheka.

Kwa sauti yangu.

Kwenye skrini ikatokea picha yangu, na chini yake: *Ameuzwa. Ameitika.* Muuzaji... kaka.

Nikakimbilia mlangoni. Umefungwa kwa nje.

Ulipofunguliwa, walisimama polisi wawili. Kaka alikuwa nyuma yao, macho chini.

"Ndiye huyo. Ameingia kwenye kompyuta za zahanati bila ruhusa yangu."

"Kaka!"

Wakati wananitia pingu aliniinamia sikioni, machozi yakimlenga.

"Wenye duka lile walitaka mtu wa damu yangu. Aingie mwenyewe, aitike mwenyewe. Ama wewe, ama mwanangu... Nisamehe."

Sijamsamehe.

Kituoni, askari mmoja mtu mzima alinionea huruma, akaniazima simu yake. Nikampigia mama.

"Mama, ni mimi. Niko polisi."

"Wewe nani?"

"Binti yako, mama! Kaka amenisaliti—"

"Koma kunichezea! Binti yangu huyu hapa, kaka yake kamleta sasa hivi. Anaosha vyombo."

Nikasikia maji yakimwagika. Vikombe vikigongana. Kisha mtu akauliza, taratibu, kwa sauti yangu:

"Mama... nani huyo?"

"Hata simjui, mwanangu," mama akamjibu.

Akakata simu.