Hesabu ya Mabega

Ngomeni waliingia wageni kumi na wawili, na sasa wamekuwa kumi na watatu. Mwongoza wageni alihesabu tena, akapata kumi na watatu walewale. Miaka kumi na mmoja anavusha watu kwenda kisiwani maji yakipwa na kuwarudisha kabla hayajajaa, hata wenzake wakambandika jina la Mama Hesabu, na leo hesabu inamkataa! Tena siku aliyomleta mama yake mzazi miongoni mwa wale kumi na wawili, bibi wa magoti mabovu aliyetaka kukiona kisiwa kinachomlisha bintiye kabla hajafumba macho.

"Mwanangu, mbona humu mnanuka kisima?" mama aliuliza, akichungulia ngazi za gereza la chini.

"Ni mawe tu, mama. Usishuke huko."

Maji yalikuwa yameanza kulamba njia ya mawe. Kisiwa kile kina desturi yake: wakati wa kuondoka kila mgeni hutaja namba yake kwa mdomo, na asiyetaja havuki. Lakini haraka haraka haina baraka. Mama Hesabu aliyatazama maji, akawatazama wageni wanavyogombania kupiga picha, akaamua kuhesabu kwa kugusa mabega. Kumi na wawili! Akashusha pumzi, akamshika mama mkono, wakaondoka.

Walipofika katikati maji yalikuwa ya magotini, na mkono alioushika ulikuwa baridi kuliko maji, na mama aliyepanda ngazi akiugulia kila kidato sasa anatembea kama msichana, haongei, hatoi hata guno, na ile harufu ya kisima inawafuata nyuma, hapana, haiwafuati, ipo papa hapa ubavuni, na Mama Hesabu akataka kugeuka amtazame usoni lakini shingo ikagoma, akaweza kuinamisha macho tu, akaiona miguu ya mama ikitoka majini mikavu, haina hata tone.

Walipokanyaga mchanga wa ng'ambo, simu ililia. Alikuwa mlinzi wa ngome, ambaye hulala kisiwani.

"Dada," alinong'ona, "mbona umemwacha mama? Yumo gerezani chini, analia. Mlango umekwama na maji yanaingia."

"Mama ninaye hapa. Nimemshika mkono."

"Ulihesabu kwa mdomo?"

"Nilihesabu mabega."

"Yarabi! Huyo uliyemshika si mtu, nawe umempa nafasi ya mama. Mkane, dada, kwa sauti, kabla chumba hakijajaa!"

Akageuka. Sura ilikuwa ya mama, na macho ya mama, yanatiririka machozi.

"Mwanangu, unikane mimi niliyekuzaa?"

Roho ilimpasuka. Neno lile nani analiweza? Alilisema.

"Wewe si mama yangu! Sikujui! Toka!"

Mkono ukamponyoka kiganjani kama sabuni, na pale aliposimama yule pakawa patupu. Wageni walitawanyika wakipiga mayowe.

"Mlango umefunguka!" mlinzi alishangilia simuni. "Bibi ni mzima! Anatoka!"

Mama Hesabu alianguka magotini, analia na kucheka kwa pamoja. Kisha mlinzi akauliza:

"Dada, wewe uko wapi?"

"Niko huku ng'ambo, nitakuwa wapi tena?"

"Sasa huyu aliyempokea bibi ngazini ni nani?" Sauti yake ilikuwa imefifia. "Ana sura yako, na nguo zako. Amemshika mkono, wanarudi chini."

"Mzuie! Mwambie mama huyo si mimi!"

"Nimemwambia. Anasema amekusikia simuni ukimkana. Anasema nimwache na mwanawe anayemtaka."

Njia ya mawe haikuonekana tena. Maji hayangepwa kabla ya muda wa saa sita kupita, naye hajui kuogelea. Aliingia hivyo hivyo, akiita mama.