Maji Aliyoyachemsha Resiato

Katika Osiligi, mji mdogo ulioegemea Mlima Meru upande wa magharibi, hakuna aliyechemsha maji kama Resiato. Wengine walichemsha. Resiato alipika. Alibandika sufuria kabla jua halijagusa mabati, akachochea kuni, maji yakatokota. Yakishatokota hakuyaepua. Aliyaacha mpaka sufuria iliyojaa ibaki nusu.

"Yeyo, yameshachemka," alisema binti yake Tabitha. Yeyo ndivyo Waarusha wanavyomwita mama.

"Yamechemka, hayajaiva," alijibu Resiato. "Vijidudu vingine ni vibishi."

Na kweli, nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kuharisha. Hata Lengai, kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, hakuwahi kulazwa. Resiato aliionea fahari sufuria yake kuliko mumewe alivyowaonea fahari ng'ombe.

Sasa fikiria alivyoumia kila alipomtazama jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Evaresta, mama Anneth, muuza vitenge mwenye asili ya Kilimanjaro. Asubuhi kwake hakukuonekana moshi wala kusikika mtu akipasua kuni. Resiato akiwa anafuta machozi ya moshi, mama Anneth alikuwa ameshaoga, ameshavaa, anafagia uwanja huku akiimba.

"Mvivu yule," Resiato alijisemea. "Anamnywesha mtoto maji mabichi."

Lakini mtoto wa huyo mvivu alikuwa na meno meupe peee. Tabitha, mtoto wa mchemshaji, alikuwa na meno ya kahawia yenye mistari na madoa, kama kikombe kilichokaukiwa na chai.

Watu wengi wa Osiligi walikuwa na meno ya namna hiyo. Resiato mwenyewe alikuwa nayo, na mumewe Loserian pia. Walisema ni meno ya kwao, kama mtu anavyorithi pua au masikio. Resiato angeridhika na maneno hayo, ila Anneth alimharibia. Anneth alizaliwa Osiligi, kliniki moja na Tabitha, mwaka mmoja. Kila Anneth alipocheka, Resiato aliona anachekwa yeye.

Siku moja Tabitha alirudi kutoka shule akatupa mkoba kitandani.

"Nani ataongoza wimbo wa mahafali?" mama yake alimwuliza.

"Anneth."

"Anneth? Si ulisema sauti yake inakwaruza?"

"Inakwaruza. Mwalimu alinichagua mimi kwanza. Akaniambia nifungue mdomo vizuri watu waone. Nikakataa."

"Ulikataa kwa nini, mtoto wewe?"

Tabitha aliweka kiganja mdomoni. Siku hizo hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Akicheka, kiganja. Akiongea na mgeni, kiganja.

"Yeyo, unajua kwa nini."

Resiato alijua. Akatafuta wa kumlaumu. "Yule mama amempa mwalimu kitenge. Hapa pana rushwa!"

Jioni Loserian akarudi. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na wiki hiyo alikuwa akitengeneza geti la mama Anneth.

"Mama Tabitha, kumbe chai ikitiwa tangawizi inakuwa tamu hivi!" alisema akivua kofia.

"Tangawizi ya nani?"

"Ya mama Anneth. Kikombe kimoja tu."

"Ulikwenda kuchomelea geti au kuchomelea chai?"

Loserian akacheka. Alikosea sana kucheka. Usiku ule alikula makande yaliyopoa, na hakuna aliyemwuliza kama yametosha.

Kesho yake Resiato alichukua bakuli akaenda kwa mama Anneth kuazima chumvi. Kwake chumvi ilikuwepo tele. Alichokwenda kutafuta ni siri. Mwanamke asiyechemsha maji, mwenye mtoto wa meno meupe, anayesifiwa na waume za watu, lazima awe na siri.

Alipita hadi nyuma ya nyumba. Anneth alikuwa peke yake, ameinama juu ya beseni, anaosha vipunje vyeusi. Ukutani palikuwa na ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na ya chini ilikuwa na koki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kuazima chumvi. Unaosha nini, mwanangu?"

"Mifupa," Anneth alijibu, meno yote nje. "Ndiyo tunayochujia maji."

Resiato aliondoka bila chumvi. Miguu ilimpeleka moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, palipokuwa na foleni ya akina mama na ndoo zao.

"Jamani, mmesikia? Mama Anneth anakunywa maji ya mifupa!"

"Mifupa ya nini?"

"Nani ajuaye? Myeusi tii. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ndiyo maana mtoto anang'aa vile!" alidakia mmoja.

Neno halina breki. Kufika mchana, watu walikuwa wakisema ile ni mifupa iliyofukuliwa usiku. Wateja wawili wakarudisha vitenge. Resiato alisikia, akanyamaza. Moyoni alihisi utamu kidogo, ule utamu mbaya.

Asubuhi iliyofuata, foleni ya bomba ikiwa imejaa, mama Anneth akatokea. Kichwani alikuwa na ile ndoo ya juu. Akaitua katikati ya watu, akafungua mfuniko.

"Njooni muone marehemu wangu," alisema. "Mama Tabitha, pita mbele. Wewe ndiye msemaji wa msiba."

Watu wakacheka kwa woga. Resiato alipita mbele. Asingepita ingeonekana anaogopa.

"Hii ni mifupa ya ng'ombe," alisema mama Anneth. "Huchomwa kwenye tanuru maalumu mpaka inakuwa mkaa, kisha inasagwa. Maji yakipita humu, mkaa huu unanasa madini yanayoitwa floraidi. Mlima wetu uliwahi kutema moto. Madini hayo yamo kwenye mawe yake, na maji yakipita kwenye mawe yanayabeba. Huyaoni, huyanusi, wala ulimi hauyatambui. Mtoto akiyanywa kupita kiasi wakati meno yake yanajijenga ndani ya ufizi, meno yanatoka na madoa. Akiendelea kuyanywa miaka mingi, mifupa inaweza kuuma na miguu kupinda."

"Hayo meno ni ya kwetu!" Resiato alisema. "Tumerithi!"

"Umerithi bomba, mama Tabitha. Bibi yako alikunywa chemchemi ya mlima huu, mama yako akanywa, na wewe ukanywa."

"Na wewe uliyajulia wapi?"

"Kliniki. Wataalamu wa maji walikuja tukiwa na mimba za hawa mabinti. Wewe ulikuwepo. Ukaondoka katikati ya mafunzo, ukasema umeacha maji jikoni."

Foleni ikaangua kicheko. Resiato akatoa silaha yake ya mwisho.

"Mimi nachemsha! Wote hapa mnajua! Nachemsha mpaka yanabaki nusu!"

Mama Anneth hakucheka. Sauti yake ilishuka. "Mama Tabitha, ukipika mchuzi ukautia chumvi, kisha ukausahau motoni, chumvi inaondoka?"

"Haiondoki. Mchuzi unazidi kuwa..."

Resiato hakumaliza. Alikuwa mpishi. Alijua mchuzi uliokaukia motoni unavyokuwa: maji yanaondoka kwa mvuke, chumvi inabaki yote, na kila kijiko kinakuwa kikali zaidi.

"Kuchemsha kunaua vijidudu," alisema mama Anneth. "Hapo uko sahihi, usiache. Lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yakipungua, yenyewe inabaki."

Maji ya bomba yalifurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyeifunga koki. Resiato aliziona alfajiri zake zote, kuni zote, machozi yote ya moshi. Alidhani anamlinda mtoto. Kumbe alikuwa akimkolezea.

"Tabitha je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya Tabitha yameshatoka. Madoa yale hayafutiki kwa maji. Daktari wa meno anaweza kuyafunika, baadaye."

"Na Lengai?"

"Meno yake ya ukubwa bado yako ndani ya ufizi. Yanajijenga sasa hivi, unavyoniona hapa."

Resiato alibeba ndoo yake akaondoka bila kuaga.

Siku nzima alibishana peke yake. Aende kwa yule mama? Yule aliyemfanya achekwe mbele ya watu? Heri kiu. Kisha Lengai akaja akiburuta kikombe chake cha plastiki. "Yeyo, maji." Resiato akachota kwenye sufuria. Kikombe kilifika kifuani, mkono ukagoma. Mtoto akainua mikono, akalia. Resiato aliyatazama yale maji. Yalikuwa safi, meupe, mazuri. Akayamwaga kwenye mchicha.

Akambeba Lengai mgongoni, akapita mbele ya foleni nzima mchana kweupe. Macho yakamfuata hadi kwenye geti jipya.

"Hodi."

"Karibu. Umeleta bakuli la chumvi?"

"Nimeleta mtoto. Ana kiu."

Mama Anneth alijaza kikombe kutoka kwenye dumu lenye kifuniko. Lengai akanywa, akadai kingine. Resiato aliangalia chini.

"Niliwaambia watu mabaya juu yako."

"Ulisema mifupa ya watu?"

"Sikusema ya watu! Nilisema sijui ni ya nini."

"Na watu wakakumalizia sentensi."

"Nisamehe, mama Anneth. Nilikuwa na wivu. Mtoto wangu anaficha mdomo, wako anacheka. Nami naamka alfajiri, wewe hata moshi sikuuona."

"Moshi! Natumia jiko la gesi, liko ndani. Maji yakishachujwa nayachemsha. Yakitokota vizuri, naepua. Mkaa wa mifupa haufanyi kazi ya moto, na moto haufanyi kazi ya mkaa."

"Kumbe unachemsha?"

"Kila siku! Uliniona mchafu?"

Resiato alijifunika uso kwa kanga. Mama Anneth akacheka mpaka akajishika kiuno, na Resiato naye akajikuta anacheka.

"Nimekusamehe, lakini si bure," alisema mama Anneth. "Uvumi uliuanzia bombani. Nenda ukaumalizie bombani."

Jioni hiyo Resiato alisimama kwenye foleni, akasema alikosea, akaeleza habari ya mchuzi na chumvi. Alieleza kwa ukali, maana hakujua kueleza kwa upole. Watu walimwelewa.

Baada ya hapo akina mama walichukua maji ya bomba kwenye chupa safi, wakayapeleka maabara ya maji mjini. Majibu yalionyesha floraidi zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Hapo hata waliokuwa wakibisha wakauliza ndoo zinapatikana wapi. Resiato alitaka kuchoma mifupa yake mwenyewe uani, mama Anneth akamkataza. Mfupa usiochomwa sawasawa huacha harufu na uchafu kwenye maji. Walinunua mkaa kwa watengenezaji waliofunzwa. Mkaa nao huchoka, kwa hiyo kila baada ya muda walipeleka tena maji yaliyochujwa kupimwa, na yakionyesha floraidi inapanda, walibadilisha mkaa.

Loserian alifunga gata kwenye paa, akaweka tangi la maji ya mvua, kwa kuwa mvua haikupita kwenye mawe ya mlima. Mvua ya kwanza waliiacha ioshe vumbi la paa, ndipo wakakinga. Nayo waliichemsha kabla ya kunywa. Resiato aliacha hata magadi aliyokuwa akilainishia makande, baada ya kuambiwa kwamba magadi ya huku nayo yana floraidi. Sasa alilowesha mahindi na maharage usiku kucha.

Usidhani wivu uliisha. Ulihama tu. Mama Anneth akisugua ndoo zake, Resiato alisugua za kwake mara mbili. Mama Anneth akinunua dumu jipya, Resiato alinunua lenye mfuniko mzuri zaidi. Loserian alifaidi: chai ya kwake sasa ilikuwa na tangawizi hadi inawasha.

Miaka ikapita. Tabitha akafika sekondari. Siku moja ya likizo Lengai alikuja mbio kutoka nje, ameshika midomo yake kwa vidole viwili. "Dada, tazama! Limetoka!"

Pale lilipong'oka jino la utoto, jino la ukubwa lilikuwa limechomoza. Tabitha alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Alilitazama muda mrefu. Lilikuwa jeupe, halina hata doa.

Resiato, akiwa jikoni, aliuona uso wa binti yake. Aliujua uso ule. Alikuwa ameuvaa yeye mwenyewe miaka mingi, akimtazama mtoto wa jirani.

"Ungenizaa mimi wa mwisho, yeyo," Tabitha alisema.

Tabitha aliachia kile kidevu. Akaenda kwenye ndoo zenye koki, akajaza kikombe, akamkabidhi mdogo wake.

"Kunywa haya. Shuleni unakunywa nini?"

"Ya bomba. Wote tunakunywa."

"Kuanzia kesho unabeba chupa yako. Nikisikia umegusa lile bomba, nitakuchapa mpaka jino lirudi ndani!"

Lengai akacheka, mdomo wazi. Tabitha akamtazama, naye akacheka. Mikono yake miwili ilibaki kiunoni, wala kiganja hakikupanda mdomoni.