Mbao za Jibini Katika Bonde la Tilka

Kila asubuhi, katika bonde moja la milimani huko Slovenia, baada ya kukamua ng'ombe, Tilka alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kugeuza jibini zilizowekwa ziive. Zilikuwa thelathini na sita, kila moja duara na nzito, zimepangwa juu ya mbao za msonobari. Aliinua moja, akaifuta kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, akaigeuza, akairudisha mahali pake. Kisha nyingine.

Siku moja ya Aprili mumewe, Vinko, alishuka ngazi kwa kishindo, gazeti mkononi.

"Tumekwisha, Tilka! Umoja wa Ulaya unataka kukataza mbao."

"Mbao gani?"

"Hizi hizi! Eti zinaficha vijidudu. Wanataka jibini ikae juu ya plastiki au chuma."

Tilka aligusa ubao uliokuwa mbele yake. Mwaka mmoja walijaribu plastiki. Jibini ilitoa jasho na kuoza upande wa chini. Ng'ombe wao walikuwa tisa tu. Bila jibini hii wangelazimika kuwauza na kuhama bondeni, kama walivyohama wengine.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Vinko aligawa barua aliyoiandika mwenyewe. Nakala themanini zilitiwa saini palepale, juu ya boneti ya gari. Kesho yake alimwita Darja, katibu wa chama cha watengeneza jibini wa milimani, amsaidie kuzituma.

Darja alikuta familia mezani, wanakula ugali wa mahindi na maziwa ya mgando. Akapewa kijiko. Akasoma barua huku akila.

"Vinko, umeandika kwamba watu wa Brussels hawajui ng'ombe anakamuliwa wapi."

"Uongo?"

"Sijui. Lakini maneno haya hayawafundishi."

"Barua themanini, Darja!"

"Ni barua moja iliyonakiliwa mara themanini. Watajua kwamba watu themanini wamekasirika. Lakini mwandishi wa kanuni ana swali: je, mbao zenu ni safi? Hujamjibu."

Vinko alinuna. Tilka, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya wageni, aliuliza polepole, "Kanuni si imeshapita?"

"Bado, dada. Ni pendekezo tu. Tume ya Ulaya ndiyo huandika mapendekezo, halafu huwauliza wananchi wanaonaje. Safari hii tuna muda mpaka mwisho wa Juni. Mtu yeyote anaweza kuandika, hata kwa simu."

"Nani atanisikia mimi kati ya mamilioni?" Vinko akadakia.

"Ndiyo maana kuna vyama. Chama chetu kimo katika shirikisho la Slovenia. Shirikisho limo katika muungano wa watengeneza jibini wadogo wa Ulaya nzima, na muungano una ofisi Brussels. Halafu ipo Kamati ya Uchumi na Jamii ya Ulaya. Humo wanakaa wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi, na wa makundi mengine ya raia, kama wakulima na walaji. Wao hutoa maoni kuhusu mapendekezo."

"Wakikataa, pendekezo linakufa?" Tilka aliuliza.

"Hapana. Wao hushauri tu, hawaamui. Lakini ushauri wenye ushahidi si rahisi kuupuuza. Nahitaji vipimo vya maabara, na maelezo ya jinsi kila nyumba inavyoosha mbao zake."

Vijiko vilisimama. Mama Francka, mama mkwe wa Tilka, aliyekuwa na miaka themanini na minne, aliweka chake mezani.

"Hilo halisemwi," alisema.

Ni kweli. Katika bonde lile, kila nyumba ilificha namna yake ya kuosha mbao. Tilka alifundishwa wiki ya harusi yake, mlango umefungwa.

"Basi, mama," Darja alijibu kwa upole, "wataamini kwamba hatuoshi."

Jumamosi mchana wenye nyumba kumi na nne walikutana katika ukumbi wa wazima moto wa kijiji. Kabla ya kutoka nyumbani, Tilka alikuwa amemwendea mama mkwe.

"Mama, nikinyamaza tutabaki na siri, jibini hatutakuwa nayo."

Bibi kizee aligeukia dirisha. "Kaseme basi. Ila chumvi usiitaje."

Ukumbini walizungumzia mvua, wakazungumzia nyasi. Hakuna aliyetaka kuanza.

"Wanawake wa kwa Vinko wana midomo ya kufuli," jirani yao Lojz alitania. "Tutalala hapa."

Tilka alisimama.

"Sisi tunachukua yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda," alisema. "Tunayachemsha. Tunasugua mbao kwa brashi, tunazikausha juani siku mbili, kwenye ukuta wa kusini." Akaongeza na lile alilokatazwa: "Mwisho tunapaka maji ya chumvi."

Hapo Lojz akang'aka, "Nani kakupa siri yetu?"

"Yenu?"

"Ya bibi yangu!"

"Ya bibi yako wapi, na sisi tunafanya hivyohivyo?" mama mmoja alipaza sauti.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nyumba kumi na nne zilikuwa zimefichana jambo moja kwa miaka mia.

Darja aliandika kila kitu. Maabara ilipima mbao za nyumba zote. Nyumba kumi na moja mbao zake zilikuwa safi. Tatu zilikutwa na vijidudu, kwa sababu mbao zake zilikuwa na nyufa. Moja ya hizo tatu ilikuwa nyumba ya Tilka.

"Hizo tatu tuzifiche," Vinko alinong'ona.

"Hapana," alisema Tilka kabla Darja hajajibu. "Tupeleke zote. Tukidanganya mara moja, nani atatusikiliza tena?"

Wakapeleka matokeo ya nyumba zote. Muungano ukayaunganisha na vipimo kutoka Austria, Italia na Ufaransa. Kamati ilipokaa kusikiliza vyama, Darja alikwenda Brussels na kueleza. Aliulizwa sana kuhusu zile nyumba tatu. Alipoonyesha kwamba tatizo ni nyufa, si mti wenyewe, wajumbe waliandika hivyo katika maoni yao.

Mwaka uliofuata kanuni ilitoka. Mbao ziliruhusiwa, mradi ziwe laini, zisiwe na nyufa, na kila kuosha kuandikwe daftarini.

Vinko alilalamika kuhusu daftari, lakini alitoa mbao zote zenye nyufa, akaweka mpya. Alipokuwa uani akipasua zile za zamani ziwe kuni, Lojz alipita, kapandwa na hasira.

"Umesikia? Sasa wana pendekezo kuhusu vyombo vya maziwa! Niandikie barua, wewe unajua kutukana."

Vinko aliweka shoka chini.

"Acha matusi, bwana. Tarehe ya mwisho ya kutoa maoni ni lini? Njoo na vyombo vyako ukumbini Jumamosi. Vile vibovu pia."