Nahodha Aliyefungiwa na Maji

Injini ya meli ya doria ilizimika dhoruba ikiwa imepamba moto, na kulipokucha mabaharia walikuwa wameshagombana na nahodha wao. Wao waliona nchi kavu, wakataka kushusha mashua. Nahodha akawaambia lile ni wingu. Maneno yakazidi, wakambeba mzobemzobe hadi chini, wakamfungia stoo. Mpishi akatia ufunguo mfukoni.

Wingu likapeperuka. Wimbi likang'oa mashua, na mpishi alipoinama kudaka kamba, ufunguo ukachomoka ukazama. Mlango wenyewe wa chuma. Koo zilipoanza kukauka, fundi wa injini, aliyeungua mkono hadi kiwikoni, akauliza maji ya kunywa yako wapi. Wakatazamana. Mapipa yote yalikuwa stoo.

Wakaenda kwenye tundu la hewa la stoo, wakisukumana nani aseme. Nahodha alishusha pumzi kama mama aliyemkuta mtoto kamwaga unga.

"Leteni mpira wa maji, mupitishe hapa tunduni," alisema. "Fundi kwanza. Na huo mkono msiupake mafuta, ufungeni kitambaa safi."

Akawapimia kikombe kikombe, asubuhi na jioni, akiwagombeza kwa kila tone, huku meli ikisukwasukwa kama kifuu. Kisha ikaanza kuvuja. Meli ya mizigo ilipowafikia, ikawaita waruke upesi. Hawakuruka. Walichota maji kwa ndoo na masufuria, viganja vikichubuka, mpaka watu wa meli ya mizigo walipoukata mlango wa stoo kwa moto na nahodha akatolewa.

Nchi kavu wakapokewa kwa pingu. Ofisini kwa mkuu wa wanamaji walipangwa ukutani, midomo imepasuka kwa chumvi. Kuasi ni jela, tena ya miaka. Nahodha akawaombea. Alisema hawakumpiga hata kofi, na walimfungia penye maji. Mwenye nia mbaya hafanyi hivyo.

"Tulisahau tu, afande," mpishi akasema.

Nahodha akafumba macho. "Nakutetea wewe. Nyamaza."

Mkuu akataka kujua kwa nini anajisumbua.

"Maji yalinifika kifuani, afande. Wangeniacha nizame, leo kusingekuwa na shahidi wala kesi. Hawana akili ya uhalifu hawa. Hawana akili kabisa."

Mkuu akawatazama mmoja mmoja, mikono yao imefungwa bandeji. Jela akaifuta, vyeo akavishusha. Akauliza ni nahodha gani sasa atakayekubali kwenda nao baharini.

Mpishi akainamisha kichwa.

"Mimi," nahodha akasema kwa uchovu. "Lakini mlango wa stoo ung'olewe."