Siti ya Nyuma Ina Mwenyewe

"Samahani mama, hapo ulipokaa ni nyuma."

"Najua."

"Dereva anakaa mbele."

"Hilo nalo nalijua, kaka. Niache kidogo nisikilize mgongo wangu."

Boyan alikuwa ameuza pikipiki miaka tisa katika mji wa Plovdiv, na mteja wa namna hii hakuwahi kumpata. Mwanamke wa miaka arobaini na nne, mabega mapana, sare ya dereva wa basi la mji bado mwilini, amepanda siti ya abiria ya pikipiki iliyosimama dukani, kafumba macho, mikono juu ya mapaja. Hiyo ilikuwa pikipiki ya tano, na kila moja aliikalia robo saa nzima.

"Kwani anayeendesha ni nani? Wewe au mzee?"

"Mimi."

"Sasa mbona unajaribu nyuma?"

"Mbele nitazoea. Naendesha basi la mita kumi na nane, hakuna kiti cha dereva kitakachonishinda. Nyuma ndiko atakakokaa mtu wangu, na safari yetu ni siku nne kwenda na siku nne kurudi." Akashuka, akanyoosha kiuno. "Hii siti ni nyembamba. Saa mbili tu, makalio yatakuwa yamekufa ganzi. Na bomba la moshi liko karibu na kifundo cha mguu, litamchoma. Nioneshe nyingine."

Boyan akaacha kubisha. Mwanamke huyu alikuwa akisema mambo ambayo wanaume wanaokuja kuulizia nguvu za injini hawayajui.

Aliyajua kwa sababu aliyalipia kwa mwili wake. Zdravka, ndilo jina lake, alikaa kwenye pikipiki nyuma ya Metodi miaka kumi na moja. Metodi alikuwa fundi wa kushona viti, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na hao wawili waliishi pamoja bila ndoa, kwa sababu Metodi alishaachana na mke mara moja na alikuwa akisema karatasi haimfungi mtu. Kila kiangazi walifunga mabegi wakaondoka: Rodopi, Danube, milima ya Romania. Safari moja tu ndiyo ilikuwa ikiahirishwa kila mwaka, ya kukatiza Makedonia na Albania mpaka Bahari ya Ionia. Mwaka huu paa limevuja, mwaka ule mama mzazi anaumwa. Waliona siku ziko nyingi.

Majira ya baridi yaliyopita macho ya Metodi yakaanza kumsaliti. Katikati ya kila alichokitazama pakaingia doa la kijivu, na mwezi hadi mwezi doa likakua. Pembeni aliona vizuri, katikati hapana. Daktari akamwambia hakuna dawa ya kulirudisha, na leseni airudishe. Jumanne moja Zdravka alirudi kazini akakuta banda tupu, Metodi anafagia pale pikipiki ilipokuwa ikisimama. Alikuwa ameiuza bila kumwambia. Alipomuuliza, alijibu tu kwamba chuma kisichotembea kinaota kutu, akaendelea kufagia.

Zdravka hakugombana naye. Alikwenda kujiandikisha shule ya udereva. Kila Jumamosi aliaga kwamba ana zamu ya ziada, akaenda uwanjani kuzunguka koni za mafunzo na vijana waliomzidi wepesi. Siku ya kwanza aliangusha pikipiki mara tatu. Hakumwambia Metodi, kwa sababu aliogopa akishindwa atakuwa amemwonjesha tumaini kisha akampokonya. Mwezi wa Aprili akapata leseni.

Siri iliharibika kwa simu. Zdravka alitoka kununua mkate na jibini, akaiacha simu mezani inachaji. Ikalia, Metodi akaipokea. Boyan, mchangamfu kama kawaida yake, akamwomba amfikishie mama ujumbe: zile pikipiki mbili alizozichagua ziko tayari kwa majaribio Jumamosi, aje na leseni yake.

Zdravka alipoingia, Metodi alikuwa amekaa jikoni, uso ameugeuza upande kidogo, namna anavyofanya anapotaka kumwona mtu.

"Jumamosi zote zile," alisema. "Mimi nilidhani una mwanaume."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu. Kumbe jibu lenyewe ndilo hili. Umenionea huruma."

"Sijakuonea huruma. Nimetaka kwenda baharini, na sitaki kwenda peke yangu."

"Mimi sipakizwi, Zdravka. Watu wote wa mji huu wananijua. Sitakaa nyuma yako kama gunia la viazi."

Zdravka aliweka mkate mezani taratibu.

"Miaka kumi na moja nimekaa nyuma yako, Metodi. Nilikuwa gunia la viazi?"

Asubuhi yake Metodi alipanda basi kwenda Kazanlak kwa dada yake Ginka, na mfuko mmoja wa nguo.

Nyumba ikawa kubwa. Zdravka aliendesha basi, akala amesimama, akalala upande wake wa kitanda bila kugusa ule mwingine. Siku ya tatu Ginka akapiga simu, akilalamika kwamba kaka yake anamaliza chakula, hasemi, na ameshafumua viti vyake vyote vya sebuleni kwa kisingizio kwamba vilishonwa vibaya. "Wifi, njoo umchukue mtu wako," alisema. Zdravka akajibu kwamba Metodi si mzigo wa kuchukuliwa, atakuja kwa miguu yake. Alipokata simu, aliandika ujumbe, akijua simu ya Metodi ingemsomea kwa sauti:

"Kesho saa nne asubuhi najaribu pikipiki mbili. Nahitaji mtu wa nyuma. Usipokuja nitamchukua Gancho wa karakana ya mabasi. Ana kilo mia na kumi na hajui kusema ukweli."

Akazima taa. Asubuhi alipoamka akakuta ujumbe mfupi wa sauti:

"Gancho atakuharibia shokapu. Nakuja."

Alimkuta amesimama mlangoni kwa Boyan, kofia yake ya zamani mkononi. Hawakukumbatiana. Boyan, kama walivyo wauza pikipiki wengi, akaanza kumweleza mwanaume nguvu za injini na idadi ya gia. Metodi akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia amweleze bosi, yeye ni abiria. Zdravka aligeukia ukutani asionekane anacheka.

Pikipiki ya kwanza ilikuwa ndefu kwenda juu, nyembamba, ya kisasa, ile Boyan aliyoipenda mwenyewe. Wakazunguka nayo mitaa mitatu. Kila breki ilimsukuma Metodi mgongoni kwa Zdravka, na magoti yake yalikunjwa mpaka karibu na kifua. Aliposhuka alichechemea. Hiyo ikawekwa kando.

Ya pili ilikuwa nzito, pana, imeshatumika miaka sita. Siti yake kama kochi dogo, ina egemeo la mgongo, vyuma vya kukanyagia viko chini na mbele, na kioo kirefu cha kukinga upepo. Boyan akaonya kwamba uzito wake si mchezo kwa mwanamke. Zdravka akaiinua kutoka kwenye stendi yake, akawasha, akampa Metodi ishara apande.

Walitoka mjini, wakaipita Asenovgrad, wakaanza kona za korongoni kwenda mlimani. Hapo mambo yakaharibika. Zdravka akilalia kushoto, Metodi anajivuta kulia. Kwenye kona ya nne tairi likagusa mstari wa katikati. Zdravka akasimama kando ya barabara, akazima injini, akavua kofia.

"Unanipinga," alisema.

"Sikupingi. Nazuia tusianguke."

"Huko ndiko kunipinga. Wewe ni dereva, mwili wako unataka kuendesha. Sasa sikia. Kona ikija kushoto, tazama juu ya bega langu la kushoto. Basi. Usifanye kingine, mwili utafuata. Nikishika breki, bana magoti. Nikiwa nalipita gari, usihame hata kidogo. Ukitaka kujinyoosha, subiri barabara inyooke, kisha nigonge begani mara moja."

Mto ulisikika chini ya barabara.

"Nani alikufundisha haya?"

"Hakuna. Niliyatafuta mwenyewe kule nyuma."

"Na ulikuwa unayafanya yote?"

"Kila kona. Miaka kumi na moja."

Metodi akageuza uso upande ili amwone vizuri. Kwa muda mrefu alimtazama hivyo, kwa pembe ya jicho.

"Mimi nilidhani najua kuendesha," alisema polepole. "Watu walinisifu, Metodi analala kwenye kona kama maji. Kumbe tulikuwa wawili." Akashusha pumzi. "Nilikukosea, Zdravka. Si kwa neno la viazi tu. Kwa kuuza bila kukuuliza. Ilikuwa yako pia."

"Ilikuwa yangu."

"Nisamehe."

"Vaa kofia kwanza. Utaniambia baada ya kona kumi."

Kona kumi zikapita, na kwenye kila moja Metodi alitazama juu ya bega la Zdravka. Pikipiki ilipanda mlima kana kwamba imembeba mtu mmoja.

Wakainunua hiyo pana. Metodi alikaa juu yake uani siku mbili, akipapasa, kisha akatangaza kwamba aliyeitengeneza siti hiyo hakuwahi kukaa nyuma. Mteremko wake ulimsogeza abiria mbele kidogo kidogo. Akaifungua, akakata sponji kwa vidole akiongozwa na mguso, akainua ukingo wa mbele, akaongeza tabaka gumu chini na laini juu, akaishona upya. Zdravka aliijaribu kwa robo saa, macho kafumba. Akasema hii sasa inakwenda.

Wiki ya pili ya Juni wakaondoka. Siku ya kwanza ilikuwa ya mvua, ya pili walilala Ohrid wakala samaki wa ziwani. Masikioni mwao walikuwa na vifaa vidogo vya kuongea, na Metodi, yule mtu wa maneno machache, akawa hanyamazi. Alitaja kila kilichopita pembeni: mbuzi kwenye mwamba, mwanamke anayeanika mazulia, mizinga ya nyuki ya buluu.

"Unaona yote hayo?" Zdravka alimuuliza siku ya tatu, ndani ya Albania.

"Pembeni naona. Katikati ndiyo sioni, na hata ningeona, katikati kuna kofia yako tu."

Siku ya nne wakafika kileleni mwa Llogara. Bahari ilikuwa chini yao, buluu tupu mpaka upeo, na barabara ikishuka kwa kujizungusha. Mbele yao lori la matikiti lilikuwa likitambaa na moshi mweusi. Zdravka alichungulia, akangoja pande zote mbili ziwe wazi.

"Zdravka," sauti ikasema sikioni mwake, "nioe."

"Subiri nilipite hili lori."

Metodi hakuhama hata kidogo. Zdravka akaongeza mwendo, akalipita lori, akarudi upande wake, akapunguza mwendo kwa ajili ya kona.

"Haya, ulikuwa unasema nini? Upepo ulikuwa mwingi."

"Nimesema unioe. Kwa karatasi. Dada yangu Ginka atasimamia."

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza. Alitaka tu kulisikia tena.

"Nakuoa," alisema. "Tazama bega la kulia, kona inakuja."