Fundo Liko Ndani

Kaka yangu hakuamini mambo ya ramli hata chembe. Nalitanguliza hilo kwa sababu majirani wamezusha mengi, na mimi nimechoka kugombana na watu. Alikuwa fundi saa, fundi haswa, na kwa vile ile lenzi yake nyeusi haikubanduka jichoni, mtaa mzima ulimwita Jicho. Alichopenda ni karata za taroti za zamani, zile zenye picha za wafalme na mwezi ambazo watu hutabiria. Yeye hakutabiri kitu. Alitaka tu kujua zilichapwa lini, kwa mtambo gani, na kama seti imetimia.

"Njoo uone, mdogo wangu," angeniita, nami naacha kazi yangu kwa kulalamika. "Ukiona chini ya lenzi vitone vya wino vimejipanga kama askari wa gwaride, hiyo ni chapa ya juzijuzi. Hizi zilichapwa kwa mawe, picha ikichorwa kwanza juu ya jiwe. Vitone vimetapakaa ovyo, kama unga uliomwagika. Na rangi zilipandishwa moja moja. Mistari myeusi kwanza, kisha manjano, kisha nyekundu. Buluu mwisho."

Nami humjibu kwamba mwanaume mzima kucheza karata peke yake ni aibu. Ndivyo tulivyoishi, kwa kutaniana. Yeye dirisha hili na saa zake, mimi dirisha lile na cherehani yangu, na katikati yetu binti yake, tuliyemwita Chiriku kwa sababu ya maneno. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Mtoto yule akifungua macho tu, kaanza: anauliza, anajijibu, anaimba, anamkaripia paka. Kaka alikuwa akisema siku nyumba hii ikinyamaza, na yeye hayupo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, mimi napinda sketi za shule, Chiriku anasimulia ndoto ambayo sidhani kama aliiota. Akaingia mama mmoja mjane, mteja wa zamani. Alikuwa na karata zilizofungwa kwenye kitambaa, na bahasha ndogo iliyoshonwa kwa uzi mweusi pande zote.

"Karata chukua, nakupa," alimwambia kaka. "Hii bahasha kaifukie mbali. Mimi nimeshindwa. Usiifungue, na usiirudishe kwa wenzake."

Akaondoka bila kunywa hata maji tuliyomkaribisha. Niliichukua ile bahasha kwa udadisi wa kazi yangu. Mshono huanza kwa fundo na kuishia kwa fundo, hata mwanafunzi wa cherehani anajua. Niliigeuza na kuigeuza, nikapapasa kwa kucha. Mafundo yote yalikuwa upande wa ndani.

"Kaka, hii imeshonwa na mtu aliyekuwa ndani," nilisema, nikacheka. Hakucheka. Alikuwa ameshatandaza karata mezani, anazihesabu kwa furaha. Chapa ya mawe! Mgongo wa mistari iliyokatizana, manjano ya zamani yenyewe, na haikukosekana hata moja. Ila ile nyeupe. Wachapaji wa karata hizo, alinieleza, waliongeza moja tupu isiyo na picha, na wanunuzi karibu wote waliitupa au wakaichorachora. Wakusanyaji hukosa usingizi kwa ajili ya seti iliyobaki na nyeupe yake.

"Na unadhani ndani ya bahasha mna nini?" aliniuliza, mkasi wangu mkononi mwake.

Nilimwambia aache. Nani humwambia mkusanyaji aache? Alikata. Ilikuwa nyeupe pe, haina doa hata chini ya lenzi. Akaiweka juu ya wenzake, akazifunga zote kwa utepe, akanibusu kipaji cha uso kama mtu aliyepata mtoto wa pili.

Asubuhi yake nyumba ilikuwa kimya.

Chiriku alikuwa amekaa kitandani, mdomo wazi, sauti haitoki. Nywele zake zilikuwa zimegeuka kijivu, rangi ya jivu la jikoni. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alimmulika koo akasema safi, akaandika dawa, akatutazama sana. Tuliporudi, kaka alifungua utepe. Kwenye ile karata nyeupe kulikuwa na mistari myeusi. Mtoto wa kike, amekaa, mdomo wazi.

Kaka alivaa lenzi. Alitazama kwa muda mrefu.

"Vitone vimetapakaa," alinong'ona.

Kesho yake picha ilikuwa na manjano, na Chiriku wetu alikuwa amepauka kama nguo iliyosahaulika juani. Alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alikuwa akisogeza midomo bila kuchoka, maskini, bado ana mengi ya kusema.

Tulijaribu. Mungu anajua tulijaribu. Nikaichukua ile karata, nikaitia bahashani, nikaishona mwenyewe kwa mshono wa kurudi nyuma, ule wa kushonea magunia. Mchana uzi wangu ulikuwa sakafuni, mzima, haujakatwa, mafundo yako palepale. Karata ilikuwa imerudi katikati ya wenzake. Basi kaka akawasha kiberiti, akaiunguza pembeni. Chumbani kitu kikaanguka. Nilikimbia nikamkuta Chiriku chini, anajikunja, analia bila sauti, na kidole chake kidogo kimebabuka. Kaka, aliyenifuata na karata mkononi, alipokiona aliuzima moto kwa kiganja chake mwenyewe. Hatukujaribu moto tena.

Ilipoingia nyekundu, midomo ya mtoto ikawa nyeupe.

"Imebaki buluu," kaka alisema. Alikuwa anajua kazi ile kuliko sisi wote, na kujua huko ndiko kulikokuwa kunamwua.

Tulikwenda mbio kwa yule mjane, mtoto nimembeba mgongoni. Alitufungulia, akatazama nyuso zetu, akakaa chini palepale mlangoni.

"Mmeifungua."

"Mama, tusaidie," kaka alipiga magoti. "Ni mtoto. Nina huyo mmoja tu."

"Mimi ilikuwa mwanangu pia. Huyo sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mume wangu ndiye aliyeishona bahasha, mtoto akapona."

"Na mbona mafundo yako ndani?" niliuliza.

Alinitazama bila hasira. "Na yeye alikuwa wapi?"

Kisha akaanza kulia, polepole, huku anasema. Kila siku alikuwa akimwekea mumewe kipande cha uzi kando ya bahasha. Jioni uzi haupo, na mshono umeongezeka mmoja. Miaka na miaka. Mwisho alichoka, akaacha kumwekea uzi.

"Mlipoikata, alikuwemo?"

"Ilikuwa nyeupe," kaka alijibu.

"Basi ameisha," akasema yule mama, akajifunika uso kwa khanga yake.

Tulirudi nyumbani, nikamlaza mtoto chumbani. Kaka aliketi kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu, akanyoosha mkono.

"Nifundishe kufunga fundo."

"Sitaki."

"Mdogo wangu."

"Sitaki! Nitaingia mimi!"

"Mimi ndiye niliyekata," alisema. "Na wewe unajua kumsuka nywele. Mimi sijui."

Ndani Chiriku alikohoa bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilikwenda kumtazama. Buluu ya mishipa mikononi mwake ilianza kufifia.

Nilimfundisha. Jamani, nilimfundisha. Mikono ile ya kukamata vigurudumu vya saa haikujua kushika sindano, ikachoma vidole, ikapinda mshono, nami nikamfokea kama ninavyowafokea wanafunzi wangu, kwa sababu nilijua nikinyamaza nitaanguka. Nilimpa uzi wa kijani, ndio uliokuwa mrefu. Alirudia mpaka fundo likashika.

"Kakae naye," alisema. "Fungeni mlango."

Nilimpakata mtoto. Nilisikia kaka anapiga mluzi, wimbo wa Chiriku wa kumkaripia paka. Kiti kikalia. Mluzi ukakatika.

"Shangazi, mbona unalia? Shangazi, nina njaa. Baba yuko wapi?"

Sebuleni kiti kilikuwa bado na joto. Lenzi ilikuwa mezani. Mlango wa nje ulikuwa na komeo, nililolitia kwa mkono wangu mwenyewe. Na bahasha ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kijani, mshono umepinda vibaya, wa mtu aliyejifunza leo. Niliipapasa kwa kucha pande zote. Nje hapakuwa na fundo.

Majirani wanasema amekimbia na mwanamke. Waseme.

Karata nyingine nimezifungia kabatini. Bahasha iko kwenye droo ya cherehani, na kila siku namwekea uzi. Uzi huondoka, mshono huongezeka. Mishono yake imenyooka siku hizi, na ningempongeza kama ningejua njia. Nywele za Chiriku zimerudi nyeusi. Anaongea mpaka namwomba apumzike kidogo, kisha namwomba aendelee.

Wiki hii nilishikwa na homa. Nilikuwa nalala na kuweweseka, siku zinapita sizijui, na mtoto ndiye aliyekuwa ananipa maji. Leo asubuhi nimeamka na nguvu, nikakumbuka uzi. Nimekimbilia droo.

Mishono imeongezeka. Mipya ni myeusi, myembamba sana. Mimi sijaweka uzi mweusi.

Nimechukua lenzi ya kaka, nikaivaa, nikainama. Si uzi. Ni unywele.

Nimemwita Chiriku aje nimsuke. Amekuja, amekaa mbele yangu ametulia. Hajasema neno tangu asubuhi.