Sanduku Lililopokewa Bila Kufunguliwa

Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa pamba walijaa Bariadi na mizani zao. Malimi, mkulima wa pamba, hakuwa mtu wa kudanganywa. Mnunuzi akigusa mizani, yeye macho kodo. Basi wanakijiji wakamchagua kupokea mizigo ya zahanati yao.

Siku gari la dawa lilipofika, Malimi alimkaribisha dereva kwa ugali na maziwa ya mgando. Sanduku likashushwa.

"Hatulifungui?" aliuliza jirani yake, Nyanjige. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni, mtoto Kwandu.

"Aa, mama," Malimi alimnong'oneza. "Mgeni akikuletea zawadi, utaikagua mbele yake? Aibu hiyo."

Akatia sahihi. Dereva akaenda zake.

Mvua zilipoanza, malaria ikaingia kijijini. Kwandu akachemka mwili. Mganga wa zahanati akafungua sanduku, akakuta dawa zote za watoto zimepitwa na muda. Nyanjige akambeba mtoto kwenda hospitali ya mjini. Barabara ilikuwa imejaa maji. Kwandu alifariki njiani.

Nyanjige hakumlaumu Malimi hata kwa neno moja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kila Malimi alipopita mbele ya nyumba ya Nyanjige, alitamani ardhi immeze. Jamani, majuto ni mzigo mzito.

Baada ya matanga alikwenda ofisi ya wilaya. Afisa ugavi, Eufrasia, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, baba," alisema. "Lakini ile haikuwa zawadi. Wizara hutangaza zabuni, wafanyabiashara wakashindana. Aliyeshinda huleta mzigo, naye hulipwa kwa kodi yenu. Sahihi yako ndiyo inayotuambia mzigo ni mzima."

"Kwa hiyo nilisema uongo?"

"Ulithibitisha kitu ambacho hukukiona. Siku nyingine fungueni kwanza, kamati ya zahanati na dereva wakiwapo. Angalieni kama vitu vimetimia. Someni tarehe ya mwisho ya kutumika. Kibovu mkikatae na mwandike sababu. Aliyekileta atakibadilisha kwa gharama yake."

"Na dereva akinuna?"

"Anune tu, baba."

Gari liliporudi, Malimi alikwenda mwenyewe kumwita Nyanjige, kwa kuwa mama huyo alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima.

"Mzee, mimi nina haraka," dereva alilalamika.

"Vumilia, mwanangu. Tunafungua."

Katoni moja ilikutwa mbovu. Waliikataa palepale. Baada ya siku chache ikaletwa nyingine, nzima, nayo ikafunguliwa mbele ya watu. Msimu ule watoto walipougua, dawa ilikuwapo, wakapona.

Siku ile ya kupokea katoni mpya, Nyanjige alisoma chupa moja moja, kidole kikifuata tarakimu.

"Hii ni nzima," alisema.

"Laiti ningelikusikiliza mara ile," Malimi alisema. "Nisamehe, mama."

Nyanjige aliiweka ile chupa pembeni.

"Ndiyo, baba," alisema. "Laiti."

Kisha akachukua chupa nyingine, akaanza kusoma.